Panga la Oktavia na Ukuta wa Moyo

Saa moja asubuhi, ukungu haujainuka kwenye shamba la miwati, miti ya magome ya kusindikia ngozi, nje kidogo ya Njombe, na Oktavia anachuna magome. Anapiga panga chini ya shina, anaingiza vidole, anavuta. Gome linatoka refu, limelowa.

Binti yake Ida, wa miaka mitatu, amebaki nyumbani. Akikimbia kidogo tu anachuchumaa, anahema, midomo inageuka buluu.

Ukoo wa mumewe una mwiko: mwenye mimba hapasui kitu, asije akapasua na cha tumboni. Oktavia alianza kuchuna magome mimba ya Ida ikiwa ya miezi mitano.

“Nilimpasua mwenyewe,” aliniambia siku ya kwanza nilipokuja kuandika habari za wachuna magome, bila hata kulia. “Mama mkwe alisema, nikakubali.”

Mama mkwe huyo, Emerensiana, alikwisha kumwambia mwanawe Silvesta amrudishe mkewe kwao Makambako, kabla hajaharibu mtoto mwingine.

Wiki iliyopita niliandamana na wanawake hao wawili, Ida akiwa mgongoni, hadi zahanati ya misheni. Sista Telesia, mtawa anayetibu hapo, alisikiliza kifua cha Ida kwa muda mrefu. Kisha akaagiza donge la unga jikoni, akalifinyanga likawa mrija.

“Moyo unaanza hivi,” alisema, akiukunja. “Halafu ndani yake kuta zinaota, huku na huku, mpaka zinakutana katikati. Ndipo tunapata vyumba vinne. Za Ida hazikukutana. Pamebaki tundu, damu inachanganyika.”

“Kuta hizo huota lini, Sista?” aliuliza Oktavia.

“Mwezi wa pili unapokwisha, nazo zimekwisha. Mtoto hajafikia hata kidole gumba.”

Nilipigwa na butwaa, sifichi. Wengi wetu wanaume wakati huo hata hatujajua kama mke ana mimba!

“Mwezi wa pili?” Oktavia alisimama. “Mimi panga nilishika mwezi wa tano!”

“Basi panga halimo, mama. Hata ungeshinda umelala.”

“Sasa nani kafanya?”

“Hakuna aliyefanya. Mara nyingi hata sisi hatujui sababu.”

Tukamgeukia Emerensiana, tukingoja amtake radhi mkwewe. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

“Sista,” alisema hatimaye, “na Agustino wangu je? Alikufa wa buluu hivihivi. Nilikuwa nimepasua kuni.”

Oktavia alimkodolea macho. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusikia habari za Agustino, kifungua mimba wa bibi huyu.

“Kuni hazikumuua, mama,” alijibu Sista.

Oktavia harudishwi tena Makambako. Ameambiwa kwamba Ulaya wameanza kuziba matundu ya moyo, ingawa hapa Tanganyika bado. “Namwomba Mungu Ida aishi mpaka ufundi huo utufikie,” anasema.

Emerensiana naye ana lake. Jumapili anataka padre amwombee Agustino kwa jina, mbele ya watu wote.

“Sikuwahi kumlilia,” anasema. “Ningemliliaje mtu niliyemuua mwenyewe?”