Spika wa Alhamisi

Chuoni walimwita Spika, na jina likamkaa. Alikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi, na kila Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya mabenchi ya kliniki ya uzazi, uume wa mbao mkononi, akafundisha kuvalisha kondomu bila kupepesa macho. Kisha aliwakomalia kina mama: "Semeni kwa sauti! Bila mpira, hapana!" Wakicheka, aliwarudisha mwanzo. "Mnacheka nini? Na huko chumbani mtacheka?"

Sasa sikiliza. Spika huyo huyo alikuwa na mchumba, mwanafunzi wa maabara chuoni hapo hapo, na kwa miezi saba hakuwahi kumtamkia neno hilo hata kwa kunong'ona. Alikulia katika nyumba ambamo mama yake alijisifia kwa majirani: "Binti yangu huyu? Hana neno kabisa." Akipewa chai iliyopoa, anakunywa. Akichapwa kwa kosa la kaka yake, ananyamaza. Maskini, sifa hiyo akahama nayo mpaka bwenini.

Siku moja alijikaza. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, akatia pakiti mfukoni, akaenda kwa mchumba wake. Mchumba akaiona ikichungulia, akatabasamu. "Kumbe mwenzangu mzoefu! Haya, hiyo ya nani?"

Ya nani! Mtu kutwa anapima damu za watu, halafu anauliza ya nani! Spika alikuwa na majibu kumi, yale yale anayowagawia kina mama kila wiki. Lakini uso ulimwaka. Aliona akifungua mdomo tu, atahesabiwa malaya.

"Ya darasani," akasema. "Niliisahau mfukoni."

Akaisukuma ndani, akavua viatu. Hakutaka, na hakusema.

Miezi mitatu baadaye, Alhamisi, kabla ya somo, alijifungia chumba cha sindano akajipima mwenyewe. Alisubiri dakika zote, kama anavyowaagiza wagonjwa. Mistari miwili. Akarudia kwa kipimo cha aina nyingine, ikawa vile vile: ana virusi vya UKIMWI. Akafuta meza, akanawa mikono, akatoka kwenda kufundisha.

Siku hiyo kwenye benchi la mbele alikaa mama mmoja mshonaji, mdomo wake hauna breki. "Sista, tuambie ukweli. Na wako ukimwambia, anasemaje?"

Mabenchi yote yakaangua kicheko.

Spika akaweka ule uume wa mbao mezani. "Sijawahi kumwambia," akasema. "Niliogopa ataniona mhuni. Nimetoka kujipima sasa hivi, na ninao."

Kicheko kikakatika. Mshonaji akasogea, akampisha nafasi. "Njoo ukae, mwanangu."

Hakukaa. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, wa nyuma walilazimika kuinama mbele ili wamsikie.

"Leo semeni nyinyi," akawaambia. "Mimi nitafuatisha."