Ampli ya Papa na Ufundi wa Tonton

Tonton, mdogo wake Papa, yaani baba yangu, hajawahi kutengeneza kitu kikapona. Nalisema wazi kwa sababu mtaa mzima unamwita fundi. Pasi aliyoifungua hatukuiona tena. Redio aliyoitia mkono iliongea siku mbili ikanyamaza moja kwa moja. Lakini ana tournevis ya kufungulia skrubu kwenye mfuko wa shati, ana kalamu tatu, na ana mdomo. Kwetu Kisangani mdomo ni diploma.

Panya walikula nyaya za ampli ya Papa. Ampli yenyewe si ya kujivunia, sanduku jeusi la kukuza sauti na bafle, yaani spika, mbili za mbao, ila Papa aliihitaji. Alikuwa anaongoza sauti za chini katika kwaya ya parokia, na noti hasomi. Wimbo mpya anajifunzia sebuleni, anasikiliza besi yake mara ishirini mpaka imwingie.

Kazi yangu mimi ni kufunga muziki kwenye harusi, upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Angeniita, ningevuka na pirogi siku ileile. Akamwita mdogo wake, eti yuko karibu. Tonton akaleta waya mweupe aliokata sijui wapi, usio na alama ya kutofautisha nyuzi zake mbili, akafunga anavyojua. Ampli ina tundu jekundu na tundu jeusi, bafle vilevile. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi: mtoto wa maternelle, wa chekechea, anaweza. Yeye alisema, "Courant ya umeme haina rangi."

Bafle moja ikafungwa kinyume. Hapo moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na sauti nzito zinauana katikati ya chumba. Papa akatafuta besi yake, hakuipata. Akapandisha volimi, akasogeza kiti, akamwita tena fundi wake.

"Bon, yaya, ampli iko muzuri," Tonton alimwambia kaka yake, bila hata kuinama nyuma ya kabati kutazama nyaya. "Ni masikio yako. Kwa muzee, sauti ya kizito ndiyo inapotea mbele ya zingine."

Uongo, tena wa kijinga: uzee huanza kwa kupoteza sauti nyembamba. Papa aliuamini. Wiki ileile alikwenda kwa kiongozi wa kwaya, akarudisha kanzu, akasema hasikii tena vizuri na hataki kuwaharibia wenzake.

Niliyajua haya Jumapili moja nilipovuka nikamkuta nyumbani na kandambili, saa ambayo wenzake wanaimba. Alinieleza polepole, bila kulalamika. Niliwasha muziki, na hata ubeti mmoja haukuisha nikajua. Nikazima ampli, nikafuata waya kwa vidole mpaka bafle ya kushoto, nikabadilisha zile nyuzi mbili, nikawasha. Besi ikaja. Vikombe vya Mama vikatetemeka kabatini. Papa alifumba macho akaanza kuimba pamoja nayo, na hakukosea hata mahali pamoja. Mimi nilikuwa namtukana Tonton, maneno yote niliyonayo, ya Kiswahili yakiisha naingia Lingala.

"Papa, urudi kwaya leo," nikasema. "Waambie ilikuwa waya."

Alisubiri wimbo umalizike.

"Nikirudi, wataniuliza nani alifunga ile waya. Nitataja mudogo yangu mbele ya watu? Acha. Waseme niko kiziwi."

"Kwa hiyo utakuwa kiziwi kwa ajili ya mjinga."

"Ni mudogo yangu," akasema, kana kwamba hilo ni jibu.

Hakurudi. Besi sasa anaimba sebuleni peke yake, mlango na madirisha amefunga, majirani wasije wakasikia kwamba anasikia. Kiti chake kwayani amepewa mtu anayeimba kwa pua. Tonton bado ni fundi.

Nimemdharau Tonton tangu nikiwa mdogo na sijutii. Ila Jumapili ile niliyemdharau zaidi alikuwa Papa, na aliiona dharau hiyo usoni mwangu kabla sijageuka.