Mkono Uliotengwa

Mwanne binti Kondo alikuwa mtu wa kufuata amri, na amri ndizo zilizommaliza. Alizaliwa Mwislamu karibu na Kisarawe, akaolewa na Pazi, kijana aliyesoma kwa Waluteri upande wa Maneromango, akabatizwa kwa hiari yake, na amri kumi akazijua kwa moyo kabla mumewe hajazimaliza. Mwambie Mwanne mlango huu haupitwi, basi hata nyumba ikiungua angezunguka kutafuta dirisha.

Kosa alilifanya moja tu. Bintiye Biasha alipovunja ungo, mama yake Mwanne, mzee aliyebaki na Uislamu wake na mila zake, alitaka mjukuu awekwe ndani na achezwe mkole, ngoma ya unyago, kama wanawake wote wa Kizaramo. Mwanne akakubali, maana mama ni mama. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa lao dogo la udongo walimsimamisha mbele ya watu, wakamtenga. Asiguse kikombe cha Bwana, asipakate mtoto wa mtu penye ubatizo, akae benchi la nyuma mpaka atubu. Nao hawakuwa watu wabaya wale. Ndio waliomfundisha kusoma, wakamwambia kila mtu asimame mwenyewe mbele ya Mungu na Kitabu chake, hahitaji wakili. Ila ngoma ikilia, uhuru wote huo ulikwisha. Mwanne aliona aibu, akahama. Benchi la nyuma akaondoka nalo moyoni.

Mwaka 1943 alikuwa mjane, akipika kwa Bwana Zelig, fundi wa mitambo katika shamba moja la mkonge karibu na Ruvu. Bwana Zelig alikuwa Myahudi aliyekimbia kwao Ujerumani. Sufuria za nyama hazikukutana na sufuria za maziwa, na Jumamosi hakugusa moto hata chai ikiwa baridi. Lakini hakupata kumwuliza Mwanne anasali wapi. Siku moja Mwanne alijitia ujasiri akauliza kama naye angeweza kuingia dini hiyo. Bwana Zelig akacheka.

"Ya nini, Mwanne? Mzigo wetu ni wetu. Ninyi msio Wayahudi Mungu amewapa amri saba tu, tangu Nuhu. Zishike, zinakutosha."

Mwanne alisikitika. Alishazoea kudaiwa zaidi.

Biasha naye aliolewa palepale shambani na Adamu, Mkatoliki, akaingia dini ya mumewe. Padri wao alikuja mara moja kwa mwezi kwa baisikeli. Huyo mkole haukumkosesha usingizi. Aliwahi kusimama kuutazama, akapiga makofi. "Roma ni pana, mama," Adamu alizoea kumwambia mkwewe, akijisifu kidogo. Watu wake wote waliokufa walikuwa wamelazwa kwenye makaburi ya Wakatoliki nyuma ya kambi ya vibarua, kaburi la baba yake likiwa la kwanza mlangoni.

Biasha alishikwa na uchungu wa kuzaa siku mbili. Asubuhi ya tatu mtoto akatoka, wa kiume, mdogo, rangi ya majivu, akipumua kwa kuruka. Mkunga alimtazama Mwanne, akatikisa kichwa. Kwa bahati padri alikuwa kambini siku hiyo, na Adamu akatoka mbio kwenda kumwita. Bwana Zelig alileta birika la maji ya uvuguvugu, akaliweka kizingitini, akarudi nyuma.

"Mama, mpe maji," Biasha alisema pale mkekani. "Asiondoke bila maji." Kisha akazimia.

Mwanne aliinua birika. Lilikuwa jepesi. Akautazama mkono wake, mkono uliokatazwa kupakata mtoto penye ubatizo, akaliweka chini. Padri anakuja, alijiambia. Nikilifanya mimi nitamharibia. Akamkumbatia mjukuu wake na kumwimbia, na mtoto akaishi muda wa kusonga sima, basi.

Padri aliingia jasho likimtiririka. Alipoona, akavua kofia.

"Kuna mtu aliyemwagia maji?"

"Hakuna, Baba," Mwanne alisema, na masikini, alisema kwa fahari. "Mimi nimetengwa na kanisa langu. Nisingethubutu kugusa kitu kitakatifu."

Padri akauliza tena, polepole: "Fikiri vizuri, mama. Katika hekaheka zile, pengine mtu alimwagia maji, akasema neno?"

Mwanne aliona anapimwa, na yeye katika kupimwa alikuwa hodari.

"Nakuapia, Baba. Hakuna."

Padri akakaa juu ya kinu. Akasema asiyebatizwa hawezi kumlaza kwenye udongo uliobarikiwa. Hiyo ni sheria, si yeye. Adamu akapiga magoti, akamwambia baba yangu yuko pale, Padri, baba yangu. Padri macho yalimwiva, lakini hakubadilika.

"Mtu yeyote angeweza, mama," alisema. "Aliyetengwa, Mwislamu, hata huyo Bwana wako Myahudi. Maji kidogo, maneno machache na nia njema. Kwa hilo Kanisa halichagui mkono."

Mwanne alilitazama birika.

"Basi nilimwagia," alisema. "Nilisahau, Baba. Nilimwagia."

"Umeshaapa, mama."

Alitoka akamkuta Bwana Zelig amesimama uani. Akasahau adabu zote za mpishi na bwana wake. "Birika ulilishika wewe. Ungeweza kumwokoa."

Bwana Zelig akajibu: "Nisingeweza. Wazee wangu walitiwa upanga shingoni wayakubali maneno hayo ya ubatizo. Mimi simkatazi mtu kuyasema, lakini mdomo wangu hauyatoi. Na mtoto huyu hana hatia, Mwanne. Kwetu hadaiwi kitu."

"Basi mzike kwenu, kwa sala zenu."

"Si wa kwetu," alisema, akainamisha kichwa. Alikwenda karakanani akapasua mbao, akatengeneza sanduku dogo kwa mikono yake mwenyewe.

Mwanne aliketi chini akalia kwa hasira. Wote walikuwa wema. Hakupata hata mmoja wa kumchukia, na hilo ndilo lililomkaba. Angekuwepo mtu mbaya angemlaani, apumue.

Wanaume walimzika mtoto nje ya ua wa makaburi, hatua sita kutoka kwa babu yake. Mwanne alibaki ndani na wanawake, kama desturi. Jioni Biasha akafumbua macho. Adamu hakuthubutu kuingia.

"Mama, nilipopotea, ulimpa maji?"

Mwanne hakuwa amesema uongo tangu abatizwe, ila ule mmoja wa asubuhi, uliochelewa.

"Nilimpa."

"Amelazwa na babu yake?"

"Amelazwa naye."

Biasha aliutafuta mkono wa mama yake, akauweka shavuni, akatulia. "Mungu aubariki mkono huu," alisema. "Arobaini yangu ikitoka, utanipeleka nikamwone."

Mwanne akasema atampeleka. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na tisa.