Bibi Alipomtuma Mtoto Akachanjwe

Sijawahi kumwambia mtu yeyote shuleni: bibi yangu ni mganga.

Leo mama mmoja wa hapa Msambweni amemleta mtoto anayetambaa. Alitaka afungwe pingu, ile hirizi ya mkononi, imkinge na surua.

Bibi akamshika mtoto kichwa. "Pingu nitamfunga, mwanangu. Lakini kwanza mpeleke zahanati. Leo wanachanja."

Nilikuwa barazani na kitabu changu. Nilitamani kumkumbatia bibi!

Yule mama akasema taratibu, "Kumbe dawa yako imekwisha nguvu."

"Haijaisha. Surua ndiyo siiwezi."

"Mganga wa Majoreni anaiweza. Yeye husema sindano hufukuza dawa."

Akambeba mtoto, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Bibi akacheka bila furaha. "Umeona? Ningemdanganya, angebaki."

Jamani, ninyi mngefanya nini?

Mimi nilimkimbilia yule mama hadi barabarani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu chanjo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akangoja kidogo. Nikampungia tu mtoto mkono.

Akapanda gari la Majoreni na mtoto wake.

Nikarudi nyumbani, nikaukunja mkeka aliokuwa ameukalia yule mama.