Barafu ya Koko

Ninachokumbuka kwanza ni mlio wake: maji yakinguruma kidogo nyuma ya friji, kimya cha muda, halafu gharagharagha, vipande vya barafu vikianguka ndani ya ndoo iliyofichwa mlangoni. Mara ya kwanza sote tuliruka, hata baba aliyelinunua. Lilikuwa friji la milango miwili, kubwa kama kabati la nguo, na baba alilipata kwa familia moja iliyokuwa ikihama nchi na kuuza kila kitu. Kwenye mlango mmoja palikuwa na shimo lenye kijiulimi cha plastiki na vitufe vitatu juu yake. Ukikisukuma kwa glasi, maji baridi hutoka. Ukibonyeza kitufe cha pili, huanguka vipande vya barafu. Cha tatu, barafu iliyosagwa. Kitengela ya siku hizo, ambako maji yenyewe tuliyangoja yaletwe na lori, friji la kutoa maji mlangoni lilikuwa maringo matupu, na majirani walituambia hivyo bila kutuficha. Mama alikuwa mjamzito na hakuwa na nguvu za kugombana. Alisema tu, “Baba Wanjiku, kwani glasi zenyewe tuko nazo ngapi?”

Halafu Koko akaja kukaa nasi. Koko ndivyo tunavyomwita bibi upande wa mama, ambao ni Wamaasai wa kule mbele ya mji wa Kajiado. Baba ni mtu wa Kiambu. Koko alikuwa ameota uvimbe shingoni, na hospitali ya Nairobi ilimtibu kwa mionzi. Uvimbe ulinywea, lakini mdomo wake ulibaki na vidonda na mate yakakauka kabisa. Wengine walisema ashukuru Mungu, mate ni kitu gani? Kwa Koko yalikuwa kila kitu. Huko kwao mtoto mchanga hubarikiwa kwa mate: mzee humtemea manyunyu mepesi kwenye paji la uso huku akimwombea. Wajukuu wake wote alikuwa amewabariki hivyo, mimi nikiwemo, na sasa mama alikuwa amebakisha wiki chache tu ajifungue. “Mtoto atakuja anipate nimekauka,” Koko alisema siku moja akijigusa midomo. “Nitambariki na nini? Na vumbi?” Mama alicheka kidogo, halafu akaingia chumbani, nami nikamsikia akilia.

Muuguzi mmoja alikuwa amemshauri Koko amumunye barafu, na hapo friji la baba likapata heshima. Mpaka wakati huo lilikuwa halijaunganishwa na maji. Baba mwenyewe alilipeleka bomba moja kwa moja hadi kwenye tangi la paani, akamjazia Koko glasi, akanipa nimpelekee. Ole wake! Maji ya tangi lile, yale ya lori, yalikuwa ya kisima, na kila mtu wa Kitengela anajua kwamba maji ya kisima ni chumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo, ya kunywa hununuliwa kwa mitungi. Katika furaha yake baba alisahau kwamba barafu nayo huliwa. Koko aliweka kipande ulimini, vidonda vikamchoma, akakitema kitambaani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, lakini heshima ya mkwe haikumruhusu Koko kumkaripia uso kwa uso. Alinigeukia mimi. “Mwambie baba yako amenilisha Ziwa Magadi zima.” Baba alitoka, na jioni akarudi na tangi dogo la maji matamu na pampu yake. Barafu za kwanza tulizimwaga uani, ndoo baada ya ndoo, mpaka mama alipoonja na kusema sasa ni maji.

Kazi ya barafu ikawa yangu. Nilikuwa nikitoka shule naenda moja kwa moja jikoni, kitufe cha tatu, glasi, kijiko, halafu kwa Koko. Niliinamisha kichwa anishike, kama watoto wa Kimaasai wanavyoamkia wazee, nikamwamkia, “Takwenya, Koko,” naye akaitikia, “Iko.” Mwanzoni alilalamika kwamba baridi inamuuma meno, na meno yenyewe alikuwa nayo ya kuhesabu. Baadaye akaizoea, akawa anaiweka chini ya ulimi, anafumba macho, anangoja. Kisha alikuwa akijaribu kiganjani mwake. Ptu. Hakuna kitu. “Bado,” alisema, na mimi roho ilikuwa ikiniuma vibaya sana, kwa sababu tumbo la mama halikuwa likingoja mtu.

Siku mama aliporudi kutoka hospitali na mtoto wa kiume, stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi. Nyumba ilijaa watu, shosho, mama yake baba, amekuja kutoka Kiambu na Biblia yake, Koko ameketi kwenye kiti kikubwa amejitanda shuka mpya. Nilisukuma kijiulimi kwa glasi, kimya. Nikasukuma tena, nikaanza kulia pale pale. Baba alikuwa ameonya kwamba mlango usifunguliwe, baridi itatoka, vyakula vyote viharibike. Koko akanena kutoka sebuleni, “Wanjiku, mwambie baba yako barafu si ng'ombe, eti anaiweka ndiyo aitazame.” Watu wakacheka, na baba akacheka pia. Alifungua friji mwenyewe, akaivuta ile ndoo, akafunga vipande kwenye leso na kuviponda kwa mchi. Koko alipokea, akafumba macho. Tulingoja mpaka shosho akaanza kukohoa. Ndipo Koko akainama juu ya mtoto, na manyunyu yakatoka, machache, lakini yalitoka. Niliyaona yakimeta kwenye kile kipaji kidogo. Aliomba kwa Kimaa na sisi tukaitikia “Naai” kila alipotua, na shosho, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, akasema “Amina” kwa sauti kubwa kuliko sote. Nilimpenda sana siku hiyo.

Koko hakumaliza mwaka. Mtoto yule ni Kamau, sasa amenipita kwa urefu. Siku hizi Kitengela ni maghorofa, na friji la nyumbani ni jipya, halina mlio hata kidogo. Kamau hujaza chupa yake ya maji na barafu kabla ya mpira huku macho yakiwa kwenye simu. Jumapili iliyopita nilimsimulia haya. “Zii! Ati alinitemea mate?” alisema, akajipangusa uso kwa mkono wa jezi, tukacheka sana. Kisha akaiweka chupa mezani. “Wapi haswa?” aliuliza. Nikamgusa kwa kidole, hapa, juu kidogo ya nyusi. Akainamisha kichwa, kile kichwa chake kikubwa, akaniambia nimguse tena.