Uzi Mwekundu Kwenye Mumunye la Concetta

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Concetta Furfaro amepiga magoti nyuma ya nyumba yake mjini Shepparton, Australia, na sare ya kazi mwilini. Mkononi ana ua dume la mumunye, amelinyofoa petali zote. Anafungua ua jike alilolifunga jana jioni kwa uzi mwekundu, anapaka chavua ndani, kisha analifunga tena na kuzungushia kikonyo uzi mwingine mwekundu wa alama.

"Nyuki wakinitangulia, nimekwisha," anasema. "Jirani kapanda maboga. Nitavuna mbegu chotara, si za mama yangu."

Saa moja kamili anatakiwa awe kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako kwa miaka 22 amefua mashuka mia nne kila zamu.

Mbegu hizo za zukini, kama wanavyoyaita mamumunye hayo kwao Calabria, kusini mwa Italia, marehemu mama yake alizipanda maisha yake yote. Concetta, 58, anazitunza vilevile: samadi iliyooza vizuri, maji shinani asubuhi, majani yenye ukungu mweupe yanakatwa. Matunda huchumwa yakifika urefu wa kiganja, la sivyo mmea hulegea kuzaa.

Kasheshe ni kwamba mbegu zinataka tunda moja liachwe mpaka linenepe kama paja la mtoto. Kwa Wakalabria wa mtaa huu, tunda la namna hiyo ni aibu ya nyumba nzima: ni ishara kwamba mwanamke wa hapo hajali bustani yake.

Mwaka jana, mama mkwe wake, Rosaria, 84, alilikata tunda la mbegu akalikaanga na mayai.

"Nilitoka kazini nikakutana na harufu. Nililia," anasema Concetta.

"Si ungesema!" Rosaria anadakia kutoka mlangoni. "Lijimumunye lote lile! Watu waseme kwa Furfaro hakuna mwanamke?"

"Nilikuambia, Mama. Lenye uzi mwekundu."

"Nilidhani umelifunga tayari kwa kuoka, kama tunavyofunga nyama kwa uzi!"

Zilibaki mbegu tano ndani ya kopo la kahawa. Zimeota mbili, na mche mmoja umeoza shina. Tunda la ua hili likipotea, mbegu za mama zimekwisha, na Concetta hafichi kwamba anaogopa.

Wiki saba baadaye, anarudi kutoka kazini na tunda halionekani. Anapiga magoti kulitafuta. Halafu anaiona aproni nyeusi ya Rosaria imetandazwa kati ya majani, na chini yake tunda, gumu, la manjano, uzi ukiwa bado kwenye kikonyo.

"Mama, umelifunika wewe?"

"Majirani wasilione. Na atakayeligusa, atanitambua."

Concetta anacheka huku akifuta machozi. Mwezi ujao atalipasua, aanike mbegu kivulini, ajaze kopo upya na kuwagawia wanawake wenzake wa kazini.

"Kumi zangu," anasema Rosaria. "Mwakani na mimi naacha langu linenepe. Na nitalipanda mbele ya nyumba."

"Je, watu wakisema?"

"Waseme. Nitawaambia ni la mama yako."