Litricha Mnadani

Ninyi mliomaliza kidato cha nne miaka ile mitumba ilipoanza kumwagwa kwenye maturubai, na sabuni ya kunukia ikarudi madukani mpaka watu wakawa wanaishika na kuirudisha kama vile ni ya maonyesho, mtanielewa nikisema kwamba sisi tulisoma. Sisemi tulikuwa na akili kuliko watoto wa leo. Nasema tulisoma, kwa sababu kitabu kikikufikia mkononi ulijua kesho hakipo, kipo kwa mwenzako.

Shule yetu ilikuwa upande wa Issuna, madarasa yamejengwa katikati ya mawe makubwa ambayo jua likiwaka yalitoa joto hadi usiku. Upepo wa Singida hamhitaji niwaeleze. Ulianza kabla ya kengele ya mstarini, ukapita madirishani ambako vioo vilikuwa vimekwisha, ukafunua madaftari na kutujaza mchanga kwenye nywele. Uji wetu ulikuwa wa uwele, mweusi na mzito. Mimi nilitoka Mgori, nikawa nakaa kwa shangazi aliyekuwa akiuza vitunguu, hivyo sare yangu ilinuka vitunguu tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Hakuna aliyenicheka. Aliyenuka moshi, aliyenuka mbuzi, wote tulikaa dawati moja.

Somo tuliloliogopa kuliko hesabu lilikuwa fasihi ya Kiingereza. Tuliliita Litricha. Kiingereza chenyewe tulikutana nacho shuleni tu: nyumbani ni Kinyaturu, sokoni Kiswahili, na Kiingereza kilibaki kwenye ubao na kwenye kile kibao cha mbao alichovishwa shingoni mtu aliyesahau akaongea lugha ya mama yake. Mwalimu wetu wa Litricha alikuwa mwalimu Kidanka, kijana wa suruali zilizonyooshwa, aliyetusomea kwa sauti nzuri mpaka tukadhani tunaelewa. Mwanzoni mwa kidato cha nne akaenda likizo na hakurudi. Tulisikia amefungua duka la redio kaseti mjini. Wazazi walimlaani kidogo, kisha wakanyamaza, maana kila mtu miaka ile alikuwa na ndugu aliyeacha kazi ya serikali akaenda kufanya biashara.

Mkuu wa shule akatuita. Alikuwa mtu mwema, aliyechoka. Akatueleza kwamba majina yetu yamekwisha kupelekwa na hayawezi kuondolewa, mwalimu mwingine haonekani kupatikana, kwa hiyo vipindi vya Litricha tujisomee baiolojia, na siku ya mtihani tuingie tu tuandike majina.

Zaituni akanyoosha mkono. Huyu alikuwa rafiki yangu wa dawati, msichana mrefu, mpole, ambaye darasani hakuwahi kuulizwa akajibu kwa sauti ya kusikika. Baba yake mdogo, aliyemlea, alikuwa amefungua mgahawa kando ya barabara kuu, na alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akifeli, aproni yake iko tayari.

"Samahani mwalimu," alisema. "Tukiandika majina, majina yana alama?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Kabla mkuu wa shule hajamjibu, sauti ikatoka mlangoni ikisema kwamba vipindi hivyo atavichukua yeye.

Alikuwa madamu Felista, mwalimu wetu wa Kiswahili. Mama mfupi, mnene kiasi, aliyefunga kanga juu ya sketi akiwa ofisini na kuifungua akiingia darasani. Siku ya kwanza hakutuficha kitu. Alisema Kiingereza chake ni cha kuombea maji, kama chetu, ila yeye ana kamusi na hana aibu. Kisha akauliza vitabu viko wapi. Tamthilia, ambayo ndiyo ilibeba alama nyingi, ilikuwa nakala moja. Akaiangalia, akaomba wembe, akaikata vipande vitatu mbele ya macho yetu. Tulishika midomo. Kuchana kitabu zamani zile kulikuwa kama kumwaga maziwa makusudi. Lakini alivishona vile vipande kwa uzi mweusi, akaligawa darasa makundi, tukasoma kwa zamu. Kundi lililoanza na kipande cha mwisho lilijua watu wanavyolia shamba likichukuliwa kabla halijajua nani ameliuza, na wakawa wanatutambia sisi wa mwanzo kama wazee wanaojua siri za ukoo.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mjane mmoja ana shamba, na mumewe amezikwa humo humo. Anakataa kuliuza. Mwanaye wa kiume, anayetaka kwenda mjini, analiuza kwa siri. Kuna jirani anayemwona mnunuzi akilipima shamba asubuhi, naye hasemi kitu. Siku mjane anapojua, ni siku anayotolewa.

Sasa, nani asiyejua kukariri? Kaka wa mwenzetu mmoja alituletea majibu ya mfano kutoka shule kubwa ya mkoani, tukayameza kama dawa ya minyoo. Ulipofika mtihani wa majaribio tuliandika kwa mbwembwe. Baada ya wiki madamu Felista aliingia na karatasi zetu, akasoma sentensi ya kwanza ya karatasi ya juu. Akasoma ya pili. Ya tatu. Ilikuwa sentensi ile ile, na sote tuliikosea neno lile lile.

"Nimesahihisha kwaya," alisema, akakaa.

Tulifeli wote. Na swali halikuwa limeuliza jambo lile. Zaituni alikunja karatasi yake mpaka ikawa ndogo kama kidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba aproni ile ina mfuko mbele, angalau ataweka kalamu.

Madamu Felista alimsikia. Hakumtia moyo kwa maneno. Kesho yake alikuja na jambo ambalo walimu wenzake waliliona kama kichaa: tutaicheza ile tamthilia, tena kwa Kiswahili, na tutaichezea mnadani. Mkuu wa shule aliuliza hiyo inahusiana vipi na mtihani wa Kiingereza. Alijibiwa kwamba watoto hawa hawajashindwa Kiingereza tu, hawajaamini bado kwamba watu wa kitabuni ni watu. Aliruhusu, nadhani kwa sababu hakuwa na wazo jingine.

Tulitafsiri wenyewe, mstari kwa mstari, kamusi ikizunguka kama kata ya maji. Hapo ndipo nilipojua maana ya maneno niliyokuwa nimeyameza. Wote tulishangaa madamu alipompa Zaituni nafasi ya mjane. Mimi nilipewa jirani. Nilinuna, kwa sababu jirani alikuwa na maneno machache kuliko hata mbuzi, ambaye kwenye mchezo wetu alilia sana.

Siku ya mnada tulisafisha kipande cha ardhi kati ya wauza nguo na wauza kuku, na watu wakajaa, maana burudani ilikuwa adimu na haikuwa na kiingilio. Zaituni alijifunga kanga ya madamu. Alipoanza kusema nilidhani upepo utammeza sauti. Lakini alipofika pale mjane anapomwambia mwanaye, "Umeuza ardhi na baba yako yumo ndani," sauti ilimtoka kifuani ambayo sikuwahi kuisikia, na wauza kuku waliacha kupiga kelele.

Tulipomaliza, watu hawakuondoka. Walianza kubishana. Mzee mmoja wa vitunguu alisema yule kijana hana kosa, shamba halina mvua, dunia imebadilika, kila mtu sasa anauza alichonacho. Akina mama walimrukia. Mzee hakurudi nyuma; akamgeukia Zaituni akamwambia mjane ana kiburi tu, hampendi mwanaye. Tulitegemea Zaituni atainamisha kichwa kama kawaida yake.

"Shikamoo babu," alisema kwanza. Kisha akamwambia, "Angekuwa hampendi asingemwekea chakula siku ile ile aliyotolewa shambani. Ulimwona akimwekea. Alijua, na akamwekea."

Yule mzee alifikiri, kisha akakubali kwamba chakula alikiona.

Na mimi sikupona. Shangazi yangu, aliyeacha vitunguu vyake aje kunitazama, alinishika mkono mbele za watu akaniuliza kwa Kinyaturu kama ni kweli niliona shamba likipimwa nikanyamaza. Nilimwambia shangazi, ule ni mchezo. Akasema anajua ni mchezo, anataka sababu. Ilibidi nimtafutie. Nilimwambia kwamba jirani aliogopa kuharibu biashara, kwa sababu shamba lake lilipakana na lile, na alitumaini lake nalo litanunuliwa. Mahali pamoja kwenye mchezo jirani anauliza bei, neno moja tu, na nilikuwa nalisema kila siku bila kujua kwa nini anauliza. Shangazi alinitazama kwa masikitiko, kana kwamba amegundua tabia yangu.

Madamu Felista alitukusanya nyuma ya lori la mitumba. Alikuwa akitabasamu na macho yamemlowa. Alituambia kwamba alichofanya Zaituni kwa yule mzee, na nilichofanya kwa shangazi, ndilo jibu la Litricha: sema unachoamini, halafu onyesha ulipokiona. Kilichobaki, alisema, ni Kiingereza tu.

Kiingereza tu! Tulikifanyia kazi kama shamba la mawe. Sentensi fupi, kosa linasahihishwa, inaandikwa tena. Ukisema chochote, hata kwamba uji leo ni mwepesi, mwenzio alikuuliza umeona wapi, onyesha. Tulikuwa kero kwa shule nzima. Madamu mwenyewe tulimsahihisha, naye alitusahihisha, na mara nyingine kamusi ilituumbua wote pamoja.

Mtihani wa taifa ulipofika, nilifungua karatasi. Swali moja lilitaka tuchague mhusika mdogo katika tamthilia tuliyosoma, tueleze anabeba uzito gani. Niliona kama shangazi amenishika mkono. Niliandika mpaka wino ukanichafua kidole.

Matokeo yalibandikwa ukutani karibu na ofisi, watu wakasukumana. Si wote waliofaulu, nisiwadanganye. Lakini wengi wetu tulifaulu Litricha, na Zaituni alipata alama ya juu kuliko sote. Baba yake mdogo alitembea mwenyewe mpaka shuleni kuhakikisha, akasoma jina kwa kidole, kisha akamsalimia madamu Felista kwa kuinama kama anasalimia mkwe. Zaituni alikwenda chuo cha ualimu. Madamu Felista naye mwaka uliofuata aliomba kwenda masomoni, kusomea Kiingereza, pamoja na umri wake.

Leo binti yangu yuko kidato cha nne. Ana taa ya sola na kila mwanafunzi ana nakala yake, safi, isiyo na uzi mweusi. Na ana simu, inayompa muhtasari wa kitabu kabla hajaosha mikono. Watoto hawa wanajua nani anakufa katika vitabu wasivyovifungua! Nikimwambia habari za mnada ananionea huruma, kama mtu anayesimuliwa kutembea pekupeku. Simlaumu. Sisi tungeipata ile simu tungeikumbatia na kulala nayo.

Ila juzi, tukiwa mezani, alitaja msichana wa kwenye riwaya yao aliyemtoroka mama yake, akasema simu imeandika kuwa ni mkaidi. Nikamwambia labda. Akatafuna kidogo, akasema lakini kuna mahali alirudi usiku akafunika sufuria ya mama yake isiingie majivu, na hilo simu haikuliandika, yeye amelisoma mwenyewe. Akaniuliza mtu mkaidi hufunika sufuria?

Nilimwambia mimi naona ni mkaidi vilevile. Sikuwa naamini hivyo. Akasukuma sahani pembeni, akaenda kuleta kitabu, nami nikajisogeza kwenye kiti vizuri, nikimsubiri.